Nilivyoicheka Insha Isiyo na Jina

Leo nimejiaibisha, tena kwa sauti kubwa na mkono mmoja kiunoni.

Mnajua niko mwaka wa tatu wa chuo, na kila Jumatano asubuhi nasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika. Mimi si mwalimu. Ni mkubwa wao tu, niliyetangulia kuteseka. Anayetuongoza sisi wasaidizi ni Ya Clarisse ("Ya" ndivyo tunavyomwita dada au kaka mkubwa) wa mwaka wa tano, ambaye ndiye aliyenisaidia mimi nilipokuwa mgeni. Kila juma anachapa upya insha za wadogo, anaondoa majina, nasi tunazisoma mbele ya kikundi. Kanuni yake ni moja: kabla ya kutaja kosa, taja kwanza kitu kizuri.

Katika kikundi changu yuko Dorcas wa mtaa wa Katuba. Kule sekondari mwalimu alisoma insha yake akimwigiza sauti, darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo anaficha kila anachoandika. Juma lililopita nilimwahidi kwamba kwangu hachekwi mtu. Leo alikuja na insha yake, imekunjwa ndani ya mfuko. Akaniambia akiona mtu anachekwa, anarudi Katuba, na masomo yenyewe anayaacha.

Sawa. Nikachukua karatasi ya juu.

Ilikuwa Kifaransa kilichovaa suti. "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, binadamu hula samaki." Sentensi ya pili ikaenda mistari kumi na moja bila nukta (niliihesabu kwa kidole, kwa madaha). Wakacheka. Kicheko chao kikanipanda kichwani! Nikasema mwandishi huyu alikimbia akasahau kupumua. Nikasema nukta haziuzwi, angechukua hata mbili. Kanuni ya Ya Clarisse sikuikumbuka kabisa. Dorcas alikuwa ameshasimama, mfuko begani.

Nikaendelea. Mwandishi akasema bibi yake anauza samaki katika soko la Kasenga. Nikafikiri, tazama, kama bibi yangu. Halafu huyo bibi akagombana na mnunuzi juu ya mzani, akampiga shavuni kwa kambale mbichi, mbele ya mapadri wawili.

Nikaurudia mstari ule kwa kidole, safari hii bila madaha.

Mabibi wanaouza samaki Kasenga ni wengi. Aliyempiga mtu kwa kambale mbele ya mapadri wawili ni mmoja tu, naye ndiye aliyemzaa mama yangu. Insha ilikuwa yangu. Ya mwaka wa kwanza.

Ya Clarisse alikuwa mlangoni, ametulia kabisa. "Endelea, Trésor. Hauyasema bado kintu kimoja ya muzuri."

Dorcas akanitazama. "Ya Trésor, hii iko ya nani?"

Ningeweza kudanganya. (Nilijaribu, mdomo ukakataa.)

"Iko yangu."

Walicheka mpaka mmoja akaishia chini ya meza. Dorcas naye alicheka, halafu akakaa, akakunjua karatasi yake na kuiweka mbele yangu. "Kama weye uliandikaka hivi, basi miye nabakia. Soma yangu."

Nikaisoma. Nikaanza na kitu kizuri, nacho kilikuwepo: anaeleza cherehani ya mama yake mpaka unaisikia.

Baadaye nilimwuliza Ya Clarisse kwa nini aliichomeka insha yangu humo. Akasema siku hizi maringo yangu yanasikika mpaka kwenye korido. Nilikumbuka tu siku ile ya kwanza, alipoisoma insha hiyohiyo yote, akaniambia anamwona bibi yangu na samaki mkononi, sasa tutafute mahali pa kumpumzisha. Hakucheka hata kidogo. Angecheka, leo ningekuwa Kasenga napima samaki. Nikamshukuru, machozi yakinilenga, nikamwuliza aliwezaje kujizuia.

"Nilichekaka," akasema. "Lakini nilichekeaka ku nyumba."

Basi nanyi ndugu zangu, chekeni, ila mkifika nyumbani. Mnaonisoma mkiwa tayari nyumbani, mmenishinda.