Jinsi Mwalimu Verediana Alivyoutwaa Ukurasa wa Mwisho

Sogeeni, enyi wa Mbulu mliojifunga mashuka kwa baridi, nanyi wa Basotu mnaonuka samaki. Zimeni redio, wekeni majembe chini, mpate kusikia habari za Verediana binti Bura, mwalimu wa hisabati, tisho la wavivu, mtesi wa wachelewaji, na siku alipoingia vitani kwa ajili ya karatasi moja yenye mafuta.

Ilikuwa miaka ile Mkoa wa Manyara ungali mchanga, na soko huria limekwisha kutumiminia mitumba, betri zisizomaliza wiki, na riwaya za uchumba wa kuigiza. Mnazijua. Kijana tajiri anataka mchumba wa kumwonyesha bibi yake, karani maskini anakubali kuigiza, wanaapa hawatapendana, kisha kurasa mia mbili zinateketea huku watu wawili wenye akili timamu wakishindwa kuona jambo ambalo hata ng'ombe zizini amekwisha kuliona.

Riwaya moja ya namna hiyo Verediana aliiteka chini ya dawati la mwanafunzi wake Oliva, akaihukumu mstarini kwa hotuba iliyowafanya wasichana wote watazame viatu vyao. Kisha akaenda nayo nyumbani, akaisoma. Aliisoma akimenya viazi, akaisoma maharage yakiungua, na Ijumaa, ukiwa umebaki ukurasa wa mwisho tu, akaja nayo shuleni, akaificha katikati ya mitihani ya zamani ili walimu wenzake wasimwone. Hapo ndipo shujaa alipojichimbia shimo, kwa maana karatasi hizo kila Ijumaa jioni hupewa Mama Filomena, muuza maandazi wa sokoni, afungie biashara yake.

Jumamosi Verediana akakizingira kibanda cha Mama Filomena. Kitabu kilikuwepo, salama, ila jani la mwisho. Jani hilo, alisema Mama Filomena akigeuza maandazi, limetoka sasa hivi na maandazi ya Mzee Akonaay, yule pale kwenye benchi la duka la pembejeo.

Akamwendea kama jeshi. Lakini ni jeshi gani duniani limewahi kuvuka salamu za mzee? Akatoa shikamoo, akapokea marahaba, na kuzingirwa kukaanza. Mzee aliuliza habari za nyumbani, na za miguu ya baba yake, na za mvua za Gitting alikozaliwa. Na kwa kila swali alifuta kidole kimoja kwenye lile jani. Swali la mvua lilimeza aya nzima. Verediana alijibu yote akitabasamu, roho ikimtoka.

“Baba, naomba hiyo karatasi.”

“Hii? Ina nini?”

Angeweza kusema ni mtihani. Hatua chache kutoka pale Oliva alikuwa akiuza vitunguu na mama yake, masikio wazi, na heshima ya miaka yote ya ualimu ilining'inia kwenye jibu moja. Verediana akasema kweli, akasimulia kisa chote.

“Kwa hiyo wanawadanganya wazee,” alisema Mzee Akonaay. “Na mahari nayo ni ya kuigiza?”

“Haijaandikwa, baba.”

“Basi aliyeandika hajawahi kuoza mtoto. Mwisho wake unaujua?”

“Wataoana kweli.”

“Sasa unaitakia nini?”

“Mimi naujua, baba. Wao bado. Nataka niwepo wakijua.”

Nimetafuta kwa wasomaji wote wa takataka hizi sababu yenye akili zaidi ya hiyo. Sijaipata.

Mzee akasema atalitoa jani akisomewa, tena kwa sauti, kwani masikio yake hayafai. Ndipo mwalimu wa hisabati akasimama katikati ya soko, akasoma jinsi macho yalivyokutana na mikono ilivyotetemeka, akiruka maneno yaliyozama kwenye mafuta. Vitunguu vikakosa wa kuvipima. Maandazi yakaungua. Bibi wa kitabuni alipotamka kwamba aliujua uongo wao tangu siku ya kwanza, Mzee Akonaay alitikisa kichwa.

“Upuuzi mtupu,” alisema. “Rudia hapo pa bibi.”

Akarudia. Waandike basi wenye kuandika historia ya mkoa wetu: kwamba barabara zilikuwa vumbi, na mbolea ilikuwa ghali, lakini karani na tajiri waligundua kuwa wanapendana, na Mbulu nzima ilikuwepo.