Mashini ya Ukaguzi Iliyohamia Sebuleni Mwangu

Kamina, Jumanne, tarehe 9 Novemba 1999.
Asubuhi: mvua nyepesi tangu alfajiri, kisha jua dogo. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Kwa Ndugu Matthias, Mratibu wa Ofisi ya Pointi za Wanafunzi, Lubumbashi.

Ndugu Mratibu,

Nakusalimu kwa heshima, na uniwie radhi kwa kuanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya shajara yangu, na mkono ukishazoea hauambiliki. Mimi ni Chloé, mke wa Maurice, fundi wako wa programu hapa Kamina. Hunijui, lakini mashini uliyotutumia inakaa kwangu, kwa hiyo sasa wewe na mimi ni kama watu wa nyumba moja.

Nakuandikia kukuomba, bila hasira yoyote, uje uichukue. Au umtume mtu. Au, ikiwa treni bado inakwama njiani kwa sababu ya vita, uniandikie ruhusa ya kuifunika kwa sufuria kubwa mpaka amani irudi.

Usije ukadhani nayachukia maendeleo, nieleze kwanza nilivyoelewa. Programu inayojumlisha pointi za wanafunzi iliandikwa kwenu. Zamani kila sahihisho lililofanywa hapa lilipanda treni, likasomwa kwenu, likarudi. Treni ilipoanza kukatika, ukaamua Kamina tuwe na mashini yetu wenyewe ya ukaguzi. Sheria yake ni moja: anayebadilisha mstari wa programu haruhusiwi kuuingiza mwenyewe. Mstari huo unakaa ndani ya mashini, mahali panapoitwa chumba cha kungojea, mpaka mtu wa pili ausome, aandike maoni yake chini yake, kisha aukubali. Sheria nzuri. Hata kanisani ndoa hutangazwa kwanza, ili mwenye neno aseme. Ugomvi wangu ni juu ya mahali ilipowekwa na watu iliowashika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashini ilifika kama mgeni asiyepiga hodi. Nilikuwa sokoni. Niliporudi nilikuta kabati la vyombo limehamishiwa chumbani, na mahali pake Maurice na Abner, fundi umeme wa kanisa letu, wamepiga magoti mbele ya sanduku kama watu wanaoombea mgonjwa. Walitia disketi, wakatoa, wakatia nyingine. Moja ilikataa. Abner akaipuliza, akaisugua kwenye shati, ikakubali. Waliandika majina ya wanaoruhusiwa kuingia na maneno yao ya siri, ambayo waliyasema kwa sauti kubwa hata jirani akayasikia. Betri iliyokuwa ya taa na redio ikawa ya mashini. Nyumba yangu ilichaguliwa kwa kuwa paneli ya jua iko juu ya paa letu. Paa liliulizwa kwa kupandwa. Mimi sikuulizwa. Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe. Huyu, siku ya tatu, alidai feni.

Halafu wakatoboa ukuta wangu wa jikoni, ule nilioupiga lipu mwenyewe, ili kupitisha waya mpaka kwenye mashini ndogo iliyowekwa karibu na jiko. Sababu ya tundu hilo ndiyo lalamiko linalofuata.

2. Mtu wa pili, anayesoma kazi ya Maurice, ni Mama Phébé. Ulimchagua kwa akili yake, na hukukosea: alifundisha hesabu nusu ya mji huu, na zaidi ya Maurice hakuna mwingine hapa anayesoma programu. Ila hukuuliza ni nani kwa Maurice. Ni mama mkwe wake. Ni mama yangu mzazi.

Labda huko mjini mmeanza kusahau, lakini sisi tunashika buko, heshima ya wakwe. Mwanamume na mama wa mke wake hawali pamoja, hawatazamani machoni, hawaambiani neno. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hugeukia majani. Na wewe, Ndugu Mratibu, umemwajiri mama mkwe ili amwambie mkwe wake kila siku alipokosea! Wangekataa wote wawili kama si Abner na lile tundu. Maurice akae sebuleni, Abner alisema, Mama akae jikoni, ukuta katikati, waandikiane. Buko inakataza macho na mdomo. Juu ya vidole wazee hawakusema kitu.

Sasa fikiria hasara yangu. Tangu niolewe, mimi ndiye nilikuwa njia kati ya watu hawa wawili. Mama akisema, "Mume wako ni mvivu, paa inavuja," mimi nilifikisha hivi: "Mama anakusalimu, anauliza habari ya paa." Maurice akijibu, "Paa ni yangu, maji ni yangu," mimi nilirudisha: "Anakushukuru sana, Mama." Nyumba ilisimama juu ya kazi hiyo. Leo wanaandikiana moja kwa moja, na mimi ni balozi aliyenyang'anywa ubalozi. Hakuna hata aliyeniaga.

3. Wamegundua kwamba wanapenda kugombana. Mama hajawahi kukubali kazi yoyote bila kuandika neno chini yake, hata mstari mmoja, hata nukta. Nilinakili mfano kutoka kwenye mashini ya jikoni, huku nachagua mchele. Anaanza Mama, na Baba Élisa ni Maurice, kwa jina la binti yetu; hata 'njo' zao sikuzigeuza 'ndiye':

"Baba Élisa, huyu mustari wa kumi na mbili, ni weye njo uliandika ao ni mbuzi ya jirani?"

"Ni minyi, Mama. Mbuzi ilisaidia tu."

"Basi mbuzi iko na akili kukupita. Mutoto akipata sufuri, programu yako inamupa makumi tano. Unataka bantu wote bakuwe wakubwa wa serikali?"

"Heshima yote, Mama. Lakini ule mustari wa mbele yake ni weye njo ulikubali juzi."

"Juzi nilikuwa na njaa. Binti yangu alichelewesha bukari."

Umeona, Ndugu Mratibu? Ugali wangu, hiyo bukari, umeingia katika ukaguzi wa pointi. Kisha nikasikia Maurice anacheka sebuleni, na hapohapo Mama akaanza kucheka jikoni, ukuta katikati, watu ambao hawajawahi kucheka kitu kimoja. Mimi nilibaki mlangoni na mwiko, sijui niende upande gani. Sombe yangu ya majani ya muhogo ikaungua. Chini ya mstari wa kumi na tatu Mama akaandika: "Nasikia arufu."

4. Ugonjwa umeenea. Maurice, kwa kuwa ndiye aliyeiweka mashini, alikuwa na haki ya kukubali kitu chochote. Siku moja alichoka kungoja, akakubali kazi yake mwenyewe. Mama aligundua. Aliandika maneno matatu tu, "Vua haki zako," na mwanamume mzima, katika sebule yake, mbele ya mashini inayokula betri yake, akajivua haki kwa mkono wake. Tangu hapo anaomba ruhusa ya kila kitu. Binti yetu Élisa, nikimgombeza, ananiuliza nani mwingine amesoma kosa lake. Mama Hawa, jirani yetu, ambaye watu wake ni wafanyabiashara wa Maniema tangu mababu, alikuja kuomba mashini isome barua ya posa ya mwanawe kabla haijapelekwa. Mama yangu aliisoma. Aliirudisha mara mbili. Mara ya tatu ilipokubaliwa, upande wa msichana walifurahi mno, na sasa kuna akina mama wenye bahasha mlangoni pangu kila asubuhi, na mimi ndiye ninayewapa viti.

5. Hili sichezi. Mama anakaa peke yake upande wa njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi, na kati ya kwake na kwetu kuna kizuizi cha askari. Kazi yenu ikiisha giza linakaribia, naye anarudi kwa miguu. Wiki iliyopita walimwomba karatasi yake ya kupitia. Akawapa. Kisha akaomba kuiona ya kwao, ile amri iliyobandikwa kwenye mti, akaisoma yote, akauliza: "Hii aliisoma nani wa pili?"

Askari akamwambia, "Mama, weye uko nani, unasahihisha jeshi?"

"Minyi niko mwalimu. Na weye, uliachia masomo darasa ya ngapi?"

Walimkalisha chini pale mpaka giza likaingia. Kisha mkubwa wao akafika, akamtambua, kumbe Mama ndiye aliyemfundisha kugawanya, akamwachia. Mama alinisimulia kesho yake akicheka. Mimi sikucheka. Mkubwa huyo hatakuwapo kila jioni, na si kila mtu katika vita hii alipita darasani kwa mama yangu.

Nimemsihi mara nyingi alale kwetu. Jibu lake ni lilelile: "Nilale chini ya paa ya mukwe wangu? Akisikia nakoroma, kesho nitaweka uso wangu wapi?" Nilimtuma mjomba, akarudi na jibu hilohilo na kuku wa zawadi. Kwa hiyo hesabu yangu ni rahisi, nawe ni mtu wa hesabu. Bila mashini, hakuna ukaguzi. Bila ukaguzi, Mama hana sababu ya kuja kwetu kila siku. Asipokuja, hapiti kizuizini jioni, hasahihishi jeshi, na mimi ninabaki na mama. Kwamba atakuwa peke yake katika nyumba ile usiku, milio ya bunduki ikisikika upande wa Base, nimelifikiria pia. Naomba usinikumbushe.

Kwa sababu hizi zote nakuomba kwa unyenyekevu uondoe mashini, waya na feni. Tundu nitaliziba mwenyewe.

Wasalimu wote ofisini kwenu, hasa yule aliyeandika juu ya sanduku upande unaotakiwa kukaa juu. Mwambie kwamba Abner aliiweka kichwa chini na bado iliwaka. Msalimu mkeo na watoto. Wasalimu na wakwe zako, ukiwa mbali nao kama inavyofaa.

Ni mimi, mtumishi wako katika sebule iliyokuwa yangu,

Chloé

Nyongeza, jioni hiyohiyo. Tafadhali usimtume mtu.

Nilikuwa nalamba bahasha wakati mashini ilipolia tiii, kama inavyolia kitu kipya kikingojea msomaji. Maurice alikuwa ametoka ghafula kwenda kutazama paneli ya jua, saa ambayo jua limekwisha kuzama. Nikasogea. Juu kabisa ya kioo niliona jina langu. Walikuwa wameniandikisha bila kuniambia, na haki ya kukubali nimepewa. Katika chumba cha kungojea kulikuwa na kazi moja, nayo haikuwa ya pointi:

KAMA ni vita NA ni jioni, BASI Mama analala hapa, chumba ya nyuma.

Chini yake maneno yalikuwa mengi, yameanza kesho yake baada ya kile kizuizi. Siku zote hizo nilidhani wanagombania mstari wa kumi na mbili.

"Nimekataa. Ile chumba iko na mulango moja tu, na inapita mbele ya mulango yenu. Asubuhi nitatokea wapi? Rudisha."

"Nimerudisha, Mama. Abner atatoboa mulango ingine upande wa jikoni. Pazia iko mustari wa pili."

"Na kuku zangu?"

"Kuku ziko mustari wa tatu."

"Na nikikoroma?"

"Minyi njo nakoroma kukupita, Mama. Uliza mwenye kulala pembeni yangu."

"Nimesoma yote. Sina neno. Lakini weye njo uliandika, na minyi njo naingizwa. Hapana mwenye kukubali yake mwenyewe. Muulize mwenye nyumba."

Nilisoma kutoka juu mpaka chini, kama inavyompasa mtu wa pili. Kisha nikachungulia jikoni. Mama alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa kama mtu anayetaka kuondoka, lakini mfuko wake ulikuwa chini, na nje giza lilikuwa limeshaingia. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kioo.

Nilibonyeza ndiyo. Mashini ikalia sebuleni, ikalia na jikoni.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, futa malalamiko ya kwanza mpaka ya tano, pamoja na yale niliyoyaacha kwa kukosa karatasi. Tutumie tu waya mrefu zaidi, maana mashini ya jikoni itahamia chumba cha nyuma, kwa Mama. Feni ibaki.

Mlango wenyewe utatobolewa kesho. Kwa kuwa usiku huu chumba cha nyuma bado kina mlango mmoja, mtu mmoja hakuweza kulala nyumbani, na huyo si Mama. Maurice amechukua mkeka na kwenda kwa Abner. Kabla ya kutoka aliandika katika mashini, "Lala salama, Mama," akaliacha katika chumba cha kungojea. Mama amelisoma, na kwa mara ya kwanza tangu mashini hii ifike Kamina, amekubali bila kuandika neno chini yake.

Nimezima betri. Sasa ni saa nne na nusu, nalala nikimsikia Mama anakoroma.