Tanzia ya Mtu Aliyekuwa Sebuleni Kwangu

Jumatatu, 6 Mei

Mkurugenzi kaniita ofisini kwake kabla sijaweka begi chini. Dalili mbaya. Kwenye skrini yake: ukurasa wa redio yetu. Habari ya maji kukatika mji mzima imepata laiki tatu. Moja yangu. Moja ya mke wangu. Ya tatu ya Mkurugenzi mwenyewe, na anasema kidole kiliteleza.

Amesema redio siku hizi haisikilizwi, inatazamwa kwenye simu. Amesema mimi ndiye mhariri wa mitandao, na mitandao yetu imelala usingizi wa pono. Asipoona mabadiliko mpaka Ijumaa, meza yangu inakwenda kwa Zege, nami narudi kusoma matangazo ya vitambulisho vilivyookotwa.

Zege! Msoma habari za michezo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya sauti yake, kama zege linalomwagwa. Ukurasa wake binafsi una wafuasi wengi kuliko redio nzima. Anaposti kikombe chake cha chai na watu wanakisifia. Alipita mezani kwangu akanipa pole. Pole ya Zege inauma kuliko tusi.

Nimeapa. Wiki hii mji mzima utanijua.

Jumanne, 7 Mei

Mkakati wa kwanza: swali la siku. Nililiposti nyumbani asubuhi nikifunga kamba za viatu. Kati ya mke na mama, nani anakuja kwanza? Swali kali! Ila nilisahau kuhamia kwenye ukurasa wa redio. Likaenda kwa jina langu na picha yangu, nimevaa suti ya harusi.

Mama kapiga simu papo hapo. Kauliza kama kuna jambo nashindwa kumwambia usoni. Nikamtuliza. Nikamwambia bila shaka ni yeye, mama ni mama. Nilipogeuka mke wangu alikuwa mlangoni, kashika shati langu na pasi. Pasi ikarudi mezani. Shati nimekwenda nalo kazini likiwa na makunyanzi yake yote.

Zege kaandika maoni: "Pole kaka, familia kwanza." Laiki mia mbili. Kwenye maoni yake, si kwenye swali langu.

Jumatano, 8 Mei

Siku kubwa. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikuwa napiga mswaki. Mke wangu yuko jikoni anaongea na dada yake kwa simu, sauti imelowa machozi. Nikamsikia wazi: "Kwa hiyo mzee ametutoka? Alfajiri? Hata kuaga hakuaga?"

Kwa shemeji anaishi mzee mmoja tu. Mjomba wao, Mzee Tarumbeta. Ndiye yule yule! Aliyewachezesha baba na mama zetu, ambaye mpaka leo tunafungulia vipindi kwa nyimbo zake. Nilimpenda mzee yule. Nilisikitika sana, kutoka bafuni mpaka getini. Getini nikakumbuka kwamba hakuna chombo kingine cha habari kinachojua.

Nilithibitisha, watu wasije wakanionea. Nilipiga simu yake. Imezimwa. Marehemu atapokeaje? Nikaposti. Picha ya rangi nyeusi na nyeupe, neno TANZIA, mshumaa pembeni.

Mungu wangu! Simu ilipata moto mfukoni. Kabla sijafika ofisini Mheshimiwa mbunge wetu kaweka picha akimkumbatia marehemu. Mzee wa kwenye picha ni mwingine kabisa, tena ni mpiga ngoma. Duka la magodoro likaandika: "Pumzika kwa amani, Tarumbeta. Nawe mteja pumzika kwenye godoro letu, punguzo mpaka Jumapili." Televisheni ile kubwa ikachukua picha yangu, ikafuta nembo yetu, ikabandika yake, ikasema chanzo cha karibu na familia kimethibitisha. Hapo nikatulia moyo. Kama nao wamethibitisha, basi ni kweli.

Mkurugenzi kanikumbatia. Ananukia dawa ya kikohozi. Zege kanipa mkono. Mke wangu alipiga, akapiga, akapiga. Nilijua anataka mtu wa kulia naye. Sikupokea, nilikuwa najibu salamu za rambirambi. Mchana akatuma ujumbe:

"Mjomba yuko hapa sebuleni. Kagombana na dada kwa ajili ya rimoti, kahamia kwetu. Anakula. Anauliza nani kafa."

Alhamisi, 9 Mei

Sijafuta. Nilitaka kufuta, Mungu shahidi. Nikamfuata Mkurugenzi, akafunga mlango. Wenye magodoro wanataka kudhamini kipindi maalumu cha kumbukumbu, kwa hiyo tuvute subira. Nikamkumbusha kwamba mhusika yuko hai. Akasema habari bado inaendelea.

Nyumbani Mjomba kakaa kwenye kochi langu, mke wangu anamsomea rambirambi maana macho yake hayawezi herufi ndogo. Jana alicheka mpaka akapaliwa. Alisema mkwe wangu umenifanyia sherehe ambayo hajapata kunifanyia mtu. Leo pia kacheka, mpaka walipofika kwa mpiga gitaa wake wa zamani, aliyeandika kwamba haikupita siku bila kumkumbuka. Mjomba kaomba asomewe tena. Akasomewa tena.

"Na namba yangu anayo?" akauliza, taratibu.

Akaomba simu yake iwekwe chaji na iwashwe. Jioni yote amekaa nayo mapajani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Imelia mara moja. Kaipokea kwa mikono miwili. Kampuni ya simu. Wanauliza kama angependa kuwekewa wimbo wa kuwaburudisha wanaompigia.

Nikaenda kusimama uani. Nilijisikia vibaya, vibaya kweli. Kisha nikachungulia simu. Wafuasi wapya elfu tisa.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu kasema nirekebishe leo, au nihamishie nguo zangu kwenye huo ukurasa.

Nikamkalisha Mjomba mbele ya simu, mubashara. Kavaa koti lake la jukwaani, linampwaya mabegani. Kasema yeye ndiye, yuko hai, anawashukuru wote. Kachukua tarumbeta apige kidogo. Pumzi ikamkatikia katikati ya wimbo. Akaishusha, akatabasamu kwa aibu, kama mtu aliyemwaga chai kwenye nyumba ya watu.

Maoni! Video ya zamani hiyo. Imetengenezwa na kompyuta. Huyu si yeye, yule alikuwa mnene. Hao ndio waliokuwa afadhali. Waliosadiki walikuwa wabaya zaidi. Mzee mzima anatafuta kiki kwa kujizushia kifo, hana haya? Mmoja akaandika kwamba bora angekufa kweli, nyimbo zake zingebaki na heshima. Mjomba alikuwa ameshaazima miwani ya mke wangu. Hilo alilisoma mwenyewe.

Msemaji wa Mheshimiwa kapiga kuuliza ratiba ya mazishi, wameshakodi wapiga picha. Nikamwambia hakuna maiti. Akauliza kama kwenye familia hiyo hakuna hata mgonjwa.

Mkurugenzi akaniamuru niandike kwamba ukurasa wetu ulidukuliwa na watu wasiojulikana. Nikaandika. Nilivyoandika vizuri, nikaanza mwenyewe kuwachukia watu hao. Baadaye akaniomba nywila, akampa Zege, pamoja na meza. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasoma. Hakupiga kelele. Kageuza simu kifudifudi mezani, kaenda kumtandikia Mjomba kitanda chetu.

Bora angepiga kelele.

Jumamosi, 11 Mei

Mjomba kaanguka bafuni. Katapika damu. Hospitali wanasema vidonda vya tumbo, vya siku nyingi, alikuwa anavificha. Anahitaji damu haraka, na damu ya kundi lake imekwisha kwenye akiba yao.

Mke wangu kaandika ombi kwenye ukurasa wake, amesimama pale pale kwenye korido. Majibu yakaja upesi. Vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. "Hii ni tanzia sehemu ya pili?" "Wadukuzi wamerudi!" Wadukuzi. Neno langu mwenyewe.

Akanigeukia. Maneno ya kwanza tangu jana: "Waambie redio."

Nikampigia Zege. Nikamwomba kama nisivyowahi kumwomba mtu. Akasema kaka, kuhusu mzee huyu hatuandiki bila uthibitisho. Miaka yote ya kituo kile, mara ya kwanza mtu anauliza uthibitisho! Nikamwambia njoo basi uone mwenyewe. Akakata simu.

Nikatoa damu mimi. Si kundi lake, lakini muuguzi kasema itafidia akiba. Nimelala pale, sindano mkononi, najipa moyo, nikageuza shingo. Kitanda cha pili: Zege. Kaja kuthibitisha, kaona, kauliza kundi, kakunja shati. Kundi lake ndilo lenyewe. Akaniomba kwa sauti ya chini nisimwambie mtu.

Nimewaza safari nzima ya kurudi nyumbani. Sauti kama ile, wafuasi wote wale, chupa nzima ya damu, na simu kaiacha kwenye gari. Binadamu wengine hawaeleweki.

Jumapili, 12 Mei

Mjomba kavuka. Kaamka asubuhi, kaomba uji, kisha kaniomba mimi.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mke wangu upande wa pili. Mjomba kanishika mkono, vidole mifupa mitupu. Kasema hana kinyongo. Kasema zamani alidhani watu wamemsahau, na hilo alikuwa ameshalizoea. Sasa ameona kwamba wanamkumbuka na hawaji. Hili hajui atalizoea lini.

Kisha akasema, "Mkwe wangu, nina ombi moja. Usiniandike tena. Niwe mzima, niwe mgonjwa, niwe nimekufa. Niache nipite kama watu wengine."

Nikaapa. Nililia kweli, machozi na kamasi. Mke wangu akazunguka kitanda, akanishika bega, akanipa leso yake. Nikamshukuru Mungu. Sina meza, lakini nyumba ninayo.

Nikatoka kwenye korido kuvuta hewa. Benchi la mbao, ukuta umechubuka, watu wanasubiri majibu yao wakiwa wameinamia simu. Nikawatazama. Nikaona jinsi dunia ilivyopungukiwa na utu. Siku hizi nani anaheshimu faragha ya mgonjwa? Nani anajua kutunza neno aliloambiwa na mzee kitandani? Na mfano mwema usipoonekana, utamfundisha nani?

Nimefungua ukurasa mpya. Wangu binafsi, hauna Mkurugenzi. Chapisho la kwanza: mkono wangu na mkono wa Mjomba, mpira wa dripu unaonekana kwa mbali. Picha niliipiga kwa mkono wa kushoto alipofumba macho. Imetoka vizuri ajabu. Nimeandika: "Mzee Tarumbeta ameniomba nisimwandike tena. Naliheshimu ombi lake kwa moyo wangu wote. Haya hapa maneno yake kamili."

Kupitia kioo cha mlango namwona mke wangu kashika simu. Anaandika kitu. Anafuta. Anaandika tena.

Vizuri. Mjadala umeanza.