Maji Safi ya Tududu Twangu

Jumatatu, 4 Juni 1973
Baridi. Darasani kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu Juliana katangaza: Jumamosi wageni wa wilaya wanakuja. Mwanafunzi mmoja atasimama kuwaonyesha alichojifunza. Macho yote kwa Atuganile! Eti anaandika haraka. Hata kuku hupekua haraka.

Sijamsahau huyo. Mwaka juzi ilikuja barua ya mwanangu Bartholomeo kutoka Iringa. Nilikuwa sijajua kusoma, nikampa anisomee. Akaisoma mlangoni kwa sauti ya mnadani. Uyole nzima ikajua mke wa mwanangu kakimbia. Jumamosi nitasimama mimi, Paskalina. Yeye atakaa chini anisikilize.

Jumanne, 5 Juni
Nimepata! Mjukuu wangu Lusia anaosha vyombo kule maabara ya utafiti. Bwana Eliezeri wa hapo kanichungulisha darubini ya vidudu. Tone moja la maji ya nyasi zilizooza, tududu tele! Kila kamoja kama soli ya ndara, kana vinyweleo mwili mzima, ndivyo makasia yake. Hakana macho wala ubongo.

Nikamuuliza basi kanajuaje kamegonga kitu. Akasema ngozini mna vilango vidogo mno. Kakigonga mbele, ngozi inasukumwa, vilango vya mbele vinafunguka, chumvi ya chokaa iliyomo majini inaingia, vinyweleo vinapiga kinyume, kadudu kanarudi nyuma. Kakiguswa nyuma, vinafunguka vilango vingine, inatoka chumvi kama ile ya majivu, kadudu kanachapuka mbele. Hata wataalamu wamejua juzi tu. Mimi nimeelewa papo hapo. Mlango wa zizi, basi.

Kisha akasema kakirudi nyuma kanageuka kidogo, kanajaribu njia nyingine. Hapo nikakadharau. Hakana msimamo.

Jumatano, 6 Juni
Nimejaribu elimu yangu kwenye foleni ya bomba. Atuganile mbele yangu. Nikamgusa kiunoni kwa kata. Kweli! Akachapuka mbele, akampita Matilda, akateka wa kwanza. Hilo sikulitaka.

Nikamvizia akirudi na ndoo kichwani, nikamziba njia ili arudi nyuma. Hakurudi. Nikamwagikiwa ndoo nzima. Akauliza, Mama Bartholomeo, uzee umekuanzia wapi, miguuni au kichwani? Nikamwambia vilango vyake vya ngozini vimeziba uchafu. Akataka kujua vilango gani. Nikamweleza vyote, chokaa, majivu, vinyweleo, hata mlango wa zizi, ili ajue anasema na mtu aliyesoma. Alisikiliza sana. Ameshindwa.

Nimeota moto hadi jioni. Sketi bado mbichi.

Alhamisi, 7 Juni
Mwalimu Juliana kapenda tududu. Lakini Atuganile naye kanyoosha mkono, eti ataleta maji yake. Mwizi! Mwalimu kaamua: Bwana Eliezeri atakuja na darubini, na mwenye tududu twenye kutembea ndiye atakayesema mbele ya wageni. Sawa. Mimi ndiye niliyetuona kwanza.

Ijumaa, 8 Juni
Lusia kaniletea chupa ya maji ya nyasi. Rangi ya chai, harufu ya zizi. Niwape wageni wa wilaya uchafu huu? Na somo la afya la redioni tulilisikiliza wote, tukanyoosha mikono kuahidi: maji yachemshwe, yachujwe. Nikayachemsha mpaka yakaruka. Nikayachuja kwa kitambaa changu cha kanisani. Yameng'aa!

Lusia alianza kusema neno kuhusu moto. Nikamwambia anyamaze, mimi nilimlea mama yake.

Jumamosi, 9 Juni
Bwana Eliezeri kachungulia tone langu. Kachungulia tena. Kafuta kioo. Kauliza, bibi, maji haya umeyafanyaje? Nikajibu kwa sauti, wageni wasikie: nimeyachemsha na kuyachuja! Wageni wakapiga makofi. Halafu wakaelewa, wakacheka. Hata kadudu kamoja hakakutikisika.

Atuganile katoa chupa ya maji ya mtaroni. Mabichi! Mtu aliyenyoosha mkono kwenye somo la afya! Tududu tele, tukigonga, tukirudi, tukigeuka. Akasimama akaeleza vilango, chokaa, majivu. Maneno yangu yote, hata la zizi. Mgeni mmoja akamuuliza nani kamfundisha. Akanionyesha kidole, akasema ni Mama Bartholomeo, tena alimwanzia somo kwa kata kiunoni.

Wakanipigia makofi nikiwa nimekaa. Nimekaa!

Jumapili, 10 Juni
Nimetoka kanisani. Kitambaa kinanuka nyasi bado, jirani yangu wa benchi kahama.

Mwalimu anasema wageni watarudi mwezi wa nane. Lusia kanishauri, kwa adabu, safari ijayo nipeleke maji kama yalivyo. Eti bibi, hata kadudu kakigonga kanabadili njia. Nikamwambia ndiyo maana kamebaki kadudu.

Nimekaa jikoni nikawaza, na kosa nimeliona. Moto ulikuwa mdogo. Mwezi wa nane nitayachemsha mara mbili.