Lalamiko Kuhusu Kukubaliwa kwa Mswada Wangu

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo juu ya duka la fundi cherehani, katika vile vyumba vyenu viwili nilivyovipandia ngazi mwezi uliopita, mswada kwapani. Mimi ni yule mzee wa kofia aliyeomba maji kwanza, ndipo akaeleza shida yake. Baada ya kutafakari kwa siku nne, naandika kulalamika rasmi kwamba mmekubali kuchapa kitabu changu. Malalamiko yenyewe ni haya:

1. Tangazo lenu mlangoni linasema mwandishi atajibiwa baada ya miezi sita. Nyinyi mmejibu siku ya tisa. Miezi ile nilikuwa nimeshaipangia kazi. Binti yetu anataka mimi na mama yake tuhamie kwake, na kwa miaka miwili nimemjibu kwamba siwezi kubadili anwani hali nasubiri majibu ya wachapishaji. Wenzenu watano walinikataa kwa utaratibu, polepole, kama watu wazima. Barua yenu aliifungua binti mwenyewe. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaanza kupima kabati zetu kwa utepe.

2. Mmeusoma mswada wote, jambo ambalo sikulitegemea. Pembeni mwa ukurasa wa 112, katika nakala mliyoniletea pamoja na barua, umeandika kwa penseli kwamba mlango wa jikoni unafungukia nje, ilhali katika ukurasa wa 14 ulifungukia ndani. Hiyo ni nyumba tuliyoiacha miaka thelathini na moja iliyopita, na hairudiki. Nilimwuliza mke wangu. Akasema hapakuwa na mlango wowote, palikuwa na pazia la maua alilolishona mwenyewe, na kama hilo nimelisahau, basi nimweleze hicho kitabu kinahusu nini. Tukampigia simu shemeji yangu atuamue. Akasema jiko lenyewe lilikuwa uani. Tangu siku hiyo hatusemezani na shemeji, na nyumba iliyokuwa imesimama imara kichwani mwangu imebaki na kuta tatu.

3. Hili ndilo zito. Kitabu kinaisha asubuhi ile ya kuondoka, sote watano mezani, chai haijapoa. Chini ya mstari wa mwisho umeandika: “Kisha mkaenda wapi?” Mwanangu, hilo si swali la kumwuliza mtu kwa penseli. Wale wenzenu watano hawakufika ukurasa huo, na tukaishi kwa amani. Nikiongeza ukurasa mmoja tu, itabidi niwainue watu wale mezani, nifunge mlango, au pazia, na mama yangu, ambaye hakufika tulikokuwa tunakwenda, aanze safari. Katika mswada bado hajavaa viatu. Mkikichapa bila sura hiyo, mtakuwa waongo. Mkikichapa pamoja nayo, mimi ndiye nitakayekuwa nimemtoa nyumbani mara ya pili.

Kwa hiyo naomba mnikatae. Kuwapunguzia kazi, nimeambatisha barua ya kukataa niliyoiandaa mwenyewe, maana kwa aina hiyo ya uandishi sasa nina uzoefu. Inasema mswada wangu una mvuto lakini haulingani na mwelekeo wenu wa sasa. Kinachopungua ni sahihi na mhuri. Tafadhali msiipeleke posta kabla ya miezi sita kutimia.

Nisalimieni fundi cherehani, aliyenishika mkono pale ngazi zinapopinda, na yule dada wa mapokezi aliyenipa maji bila kuniuliza naitwa nani. Mke wangu anawasalimu nyote. Shemeji hajatuma salamu.

Wako ninayeomba kuendelea kusubiri,
Mzee wa kofia

Nyongeza: Bahasha hii anawaletea mke wangu, ambaye amekataa kuibeba ikiwa na barua peke yake. Ndani mtakuta kurasa kumi na sita za mwandiko wa mkono. Zifuate baada ya ile chai. Karatasi ziliniishia karibu na mwisho, nikaandika nyuma ya ile barua ya kukataa, kwa hiyo msiitafute: ndiyo ukurasa wa kumi na sita. Ukurasa wa 14 na wa 112 wekeni pazia, la maua. Mkijibu, tumieni anwani ya binti yangu iliyo nyuma ya bahasha, kwani tunahama Jumamosi. Mama ameshavaa viatu.