Kambi ya Kukomaza Vijana

Mkurugenzi, kijana wa miaka thelathini na moja ambaye hajawahi kuongoza chochote isipokuwa rimoti ya televisheni, alikwenda dukani kwa mama yake, fundi cherehani, kuomba hela ya vocha. Akawakuta wateja wakilalamika kuhusu watoto wao.

"Wangu ana digrii ukutani, na mimi ndiye namfulia soksi!"

"Wako anavaa soksi? Wangu haamki kabla ya saa sita."

Mate yakamtoka Mkurugenzi. Akakohoa kisomi.

"Mama zangu, shikamooni. Nimefungua kambi ya kukomaza vijana. Wiki mbili tu, mnarudishiwa watu wazima, wanaojifulia."

Kwamba yeye mwenyewe alifuliwa shuka jana yake, hakuona haja ya kuligusia. Mama yake, pini mdomoni, aliendelea kupima kitambaa.

Kufikia jioni wazazi watano walikuwa wamelipa, kwa sharti moja la kuudhi: ada ashike fundi, ndiye wanayemwamini.

"Hamna shida," alisema Mkurugenzi. Mama anakoficha hela alikujua; alikuwa akizichota tangu kidato cha pili. Angezibeba zote na kuondoka mjini na basi la Jumamosi alfajiri.

Ijumaa mama akampa karatasi. "Weka sahihi, mwanangu. Mambo ya kambi hayo."

Akasaini kwa mbwembwe bila kusoma, kama alivyofanyia mitihani yake yote.

Jumamosi alinyata hadi kabatini, akapenyeza mkono nyuma ya vitambaa. Patupu! Akanyakua begi, akafungua mlango. Nje walisimama wanaume watano wenye ndevu, kila mmoja na godoro lake. Mmoja amekumbatia mashine ya gemu.

"Umeshafungasha? Afadhali," mama alisema nyuma yake. "Ile karatasi ni mkataba wa nyumba. Ada yote nimelipia kodi ya miezi sita, kwa jina lako. Chumbani kwako naweka cherehani ya pili."

"Mama! Sasa mimi nitakula wapi?"

"Huko huko kambini. Si wewe unayekomaza?"

Saa tatu asubuhi, kwenye nyumba ya kambi, wasomi sita walikuwa wamelizunguka jiko la gesi kana kwamba ni maiti.

"Mwalimu," aliuliza yule wa gemu, tumbo likimnguruma, "hili linawashwaje?"

Mkurugenzi akaliinamia, akalikagua mbele na nyuma, akatikisa kichwa kitaalamu. Kisha akatoka nje kumpigia mama.

Mama akakata simu.