Kura ya Nzohe

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ufadhili wa uzamivu umetangazwa! Kulinda wanyama wa visiwani walio hatarini. Nafasi moja. Mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano, nami natimiza thelathini na sita mwezi ujao. Ni sasa au basi tena. Wazo ninalo, safi kabisa: wavuvi wa kisiwani wapige kura wenyewe kukataza mitego ya waya inayommaliza nzohe, yule swala wa majimaji. Deusdedit wa Ushirombo naye anaomba, na mradi wake wa kasuku. Nimemwambia mwisho ni Ijumaa. Mwisho ni Jumatano. Mungu atanisamehe.

Jumatano, 5 Machi
Deusdedit alituma jana. Jamani! Nimekimbilia steshenari ya Limi pale Nyasubi, mimi nasoma, yeye anachapa. Ningechapa mwenyewe, ila nilitaka watu wasikie. Mama mmoja mwenye wajukuu akanipa shikamoo! Nikaitika. Tumetuma dakika ya mwisho bila kupitia.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Nimesoma nakala. Kichwa: "Wananchi Kula Nzohe kwa Uhifadhi Endelevu." Ukurasa wa pili: "Kila mvuvi atakula mara moja tu, tena kwa siri." Nimemfokea Limi. Akasema kasikia "kupiga kula", akaninyooshea Kiswahili; Msukuma mimi na "r" wapi na wapi. Matamshi yangu! Akaniomba niseme "kura". Nikasema. Duka zima likaangua kicheko. Wivu tu. Nimelala na viatu kwa huzuni.

Jumatatu, 17 Machi
Wamepiga simu! Bi Ritha, katibu wa kamati, anasema walicheka mpaka machozi, kisha wakasoma upya. Miaka yote waombaji huandika kwamba wavuvi wanampenda nzohe. Mimi ndiye wa kwanza kukiri kwamba wanamla. Usaili keshokutwa, kwa mdomo. Deusdedit kaitwa pia, kanipa pole mapema, mshenzi yule.

Kwa mdomo! Nimepona. Hakuna tena Limi wa kuniharibia. Nimefanya mazoezi sebuleni, kifua mbele: "Waheshimiwa, ninachoomba ni kura tu!" Mama akatoka jikoni na ugali na sato. Sikuwa nimemwambia nina njaa. Mama ni mama.

Nikarudia kwa sauti zaidi. Akaleta sahani ya pili.